Maoni Hupatikana Penye Vitunguu

Kwenu nyinyi mnaopokea kipaza sauti changu: kina ufa pembeni, nimekifunga kwa utepe mweusi. Kikianza kukwaruza mkipige kofi moja chini ya mpini. Mkikipiga mawili kitazima mbele ya watu na mtaaibika.

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Majirani hapa Majengo wananiita mstaafu kwa kejeli, kwa sababu mstaafu wanayemjua wao ana mvi na miwani, na mimi ni mama mwenye mtoto wa chekechea na meno yangu yote. Lakini kazi niliianza tangu nilipomaliza kidato cha nne, nimeifanya mpaka mwisho wake, na sirudi. Kama huko si kustaafu, basi mnitafutie neno.

Kazi yenyewe mnaijua kwa jina, kukusanya maoni. Wakubwa wakitaka kuamua jambo la umeme, la gesi, la makaa au la mafuta, wanatakiwa kwanza wawaulize watu. Wenyewe hawana muda wa kuuliza, kwa hiyo hukodi shirika dogo kama letu likaulize kwa niaba yao. Cheo na mshahara sitavitaja. Havina hadithi.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye ukumbi mmoja upande wa Mbaraki. Mjadala ulikuwa umeme wetu utoke wapi: kwenye makaa ya mawe, ambayo wengine waliyatetea kwa kuwa yanawaka usiku na mchana, au kwenye jua na upepo, ambavyo havichafui hewa. Mtaalamu mkuu alikuwa ameletwa kwa ndege kuja kutuhimiza tupunguze moshi. Umeme ukakatika, jenereta likawashwa nje ya dirisha, na akaendelea kutuhimiza kwa sauti ya juu zaidi ili alishinde lile jenereta. Mimi nikaona kawaida tu. Nilikuwa mgeni.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kupeleka kipaza sauti kwa anayetaka kusema. Nikazunguka ukumbi mzima mpaka jasho likanitoka, nikajiona nimefanya vizuri. Tulipokuwa tukipanga viti akanijia Bwana Katana. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi: mtu wa Kaloleni, mlokole, mrefu, ana sauti ndogo kama anakuuzia siri.

"Mwanangu, kipaza sauti umewapa kina nani?"

"Walionyoosha mkono."

"Walionyoosha mkono ni wale waliotoka kwao wameshaamua. Wangeweza kuandika barua wakabaki nyumbani. Siku nyingine mtazame anayenong'ona na jirani yake. Huyo ndiye anafikiri sasa hivi."

"Na akikataa kusema?"

"Atakataa. Mpe tena. Wewe ni mtu wa mjini, umezaliwa kwenye kelele. Mimi natoka bara, tulikuwa tunasikiliza kuku."

Hiyo ya kuku aliirudia miaka yote. Lakini ya kunong'ona ni kweli, na mkichukua moja tu katika haya ninayoandika, chukueni hiyo.

Mengine ni haya. Msiite mkutano Ijumaa kabla ya sala, wala saa za kupika. Salamu zipewe muda wake. Mzee wa Mji wa Kale akikuuliza habari za nyumbani, za kazini, za wazee na za safari, mjibu zote, kwa maana ukimkata kwenye salamu naye atakukata kwenye maoni. Viti msivipange kama vya darasani, wapangeni watu waonane nyuso. Kahawa chungu na kashata vitangulie, visiwe vya mwisho, la sivyo mtakusanya maoni ya watu wanaotazama birika. Na picha za ukutani zenye mistari inayopanda zipunguzeni kwa nusu. Hakuna anayehitaji mchoro kuonyeshwa kwamba joto limezidi. Muulize tu mama yeyote analalaje na mtoto mchanga mwezi wa pili.

Kanuni kubwa nilipewa mwaka wangu wa kwanza, siku niliyogombana na mzee mmoja barazani. Mzee alisema joto hili ni la dhambi zetu, mambo ya moshi ni porojo. Nikamjibu, na sikumjibu kwa adabu. Nilimwambia kama ni dhambi basi wenye dhambi wamejenga nyumba zenye mashine ya baridi, wanaokaangika ni wengine. Watu wakacheka. Mzee akanyanyuka akaenda zake, na nusu ya baraza ikamfuata.

Bwana Katana hakunigombeza. Alinunua madafu mawili, akanipa moja, akangoja nimalize kunywa.

"Ulichosema kina ukweli," akasema. "Lakini sasa tumepoteza watu wanane ili wewe upate kicheko. Mkusanya maoni hana maoni. Siku ukiwa nayo, na siku itafika, usiyachomeke kwenye ya wenzio. Weka kipaza sauti mezani, nenda kapange foleni kama wengine."

Nikayameza. Nikafanya kazi miaka mingi nikiwa sina maoni. Gari za umeme, sina. Kodi ya mafuta, sina. Paneli za jua juu ya mapaa ya Mji wa Kale, ambako wengine wanaona zinaharibu sura ya mji na wengine wanauliza sura italiwa na nini, sina. Nilikuwa stadi wa kutokuwa nayo.

Kisha likaja pendekezo la makaa ya jikoni.

Rasimu ilikuwa fupi. Ilisema makaa yasichomwe tena majumbani wala kwenye biashara za vyakula katika kisiwa chetu, kwa ajili ya misitu, kwa ajili ya hewa, na kwa ajili ya ahadi ambazo nchi imetoa huko nje. Watu wabadilike, wapikie gesi au umeme. Tukaitisha mkutano ukumbini. Walikuja wanaume wenye maoni, wauza gesi wakakaa mbele. Wanawake wachache wakakaa nyuma, wakanywa soda, wakaenda.

Nikamuuliza Bi Mwanaidi kwa nini hakuja. Bi Mwanaidi ni jirani yangu, tunakaa nyumba moja. Asubuhi na jioni anauza viazi vya karai na mahamri pale Feri, na Jumamosi anapika kwenye harusi.

"Mwatuita saa tisa," akanijibu. "Saa tisa mie namenya viazi. Mkiyataka maoni yangu yafuateni yaliko."

"Yako wapi?"

"Jumamosi, Mji wa Kale, kuna harusi. Twamenya vitunguu tangu asubuhi. Njoo, na kisu uje nacho."

Nikaenda, na nikamchukua Injinia Yusufali, mmoja wa walioandika rasimu. Huyu ni mtoto wa hapo hapo Mji wa Kale, ukoo wao una duka la vyombo tangu babu yake. Tukaingia kichochoroni mpaka uani kwenye masufuria, akatoa salamu, akasimama mlangoni hajui aweke wapi macho, kwa kuwa pale palikuwa pa wanawake tu.

"Mwanamume hasimami hapa bure," Bi Mwanaidi akamwambia. "Chukua mbuzi ile ukune nazi."

Injinia akavua viatu, akaikalia mbuzi, akakuna. Alikuna vizuri pia, tukajua kwao alilelewa. Mimi nikapewa gunia la vitunguu. Nimehudhuria mikutano mingi juu ya hali ya dunia, na huo ndio pekee ambao kila mtu alitokwa machozi.

"Nambie, injinia," Bi Mwanaidi akaanza. "Hizo nchi zilizochoma makaa ya mawe tangu babu yangu hajazaliwa, zishaambiwa zizime?"

"Zimeambiwa, bibi."

"Zimezima?"

"Baadhi. Polepole."

"Basi na mie niandike hapo, nitazima polepole."

Wakacheka wote. Injinia akacheka pia, halafu akasema kwa upole kwamba ukitoka mjini ukaenda bara utaona miti inavyoondoka, na mvua nayo inaondoka na miti. Mwanamke mmoja mwenye asili ya huko akaitikia, akasema kwao kisima kimekauka, na kaka yake bado anachoma makaa kwa sababu shamba halitoi kitu. "Mkimkataza yeye, mumpe la kufanya. Mkinikataza mimi, mnipe la kupikia. Hamuwezi kutukataza sote wawili siku moja mkaenda kulala."

Likaja suala la kupalia. Wasiojua upishi wetu, kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kiive kwa chini na kwa juu. Biriani isiyopaliwa haiendi mbele ya wageni. Gesi haiwaki juu ya kifuniko, na koili ya umeme pia haikai juu. Injinia akauliza, je, haiwezekani chini kuwe gesi, makaa yawe ya juu tu?

"Yawezekana," akasema Mishi, mpishi kijana mwenye ulimi. "Mie kwangu nafanya hivyo. Makaa ya juu ni machache sana."

Mizozo ikaanza. Wengine wakasema ladha inaondoka, wengine wakasema ladha iko kwenye mkono si kwenye moto, mmoja akaapa kwamba mawifi zake wangejua kwa harufu. Bi Mwanaidi alikuwa akimnong'oneza aliye karibu naye. Nikamsogelea.

"Sema kwa wote, Bi Mwanaidi."

"Sina."

"Sema."

Akaweka kisu chini. "Mishi ana nyumba yake. Sisi tumepanga. Vyumba sita, ua mmoja, mita moja ya umeme, na mita ni ya mwenye nyumba. Akiona koili asema wamlia umeme. Akiona mtungi wa gesi asema wataka kumchomea nyumba. Makaa ndiyo hayamuulizi ruhusa. Mie siyapendi makaa, mwanangu. Makaa yananikubali."

Injinia akazidi kukuna nazi yake.

"Hilo lilikuwemo," Injinia akasema bila kuinua kichwa. "Rasimu ya kwanza tuliandika mwenye nyumba asimnyime mpangaji mita. Likaondolewa."

"Aliliondoa nani?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Sikuwemo siku hiyo."

"Mwenye nyumba," Mishi akasema, na vicheko vikarudi.

Nilirudi ofisini nikayaandika yote bila kuongeza neno. Maoni yangu hayakuwemo. Lakini nilikuwa nayo, nayo yalikuwa yakikohoa.

Binti yangu Nasra ana kifua. Alianza akiwa hajatimiza mwaka. Usiku anatoa mluzi kama birika, mbavu zinaingia ndani, na unabaki umemkalisha mapajani ukimhesabia pumzi. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Nyumbani mnapikia nini?" Nikamwambia mimi napikia mafuta ya taa, nje. Akaniuliza, na majirani? Seredani ya Bi Mwanaidi, lile jiko lake la chuma la makaa, iko chini ya dirisha letu. Anawasha kabla ya adhana ya alfajiri ili viazi vifike Feri na watu wa kwanza.

Mtaniambia hameni. Twende wapi? Baba Nasra anabeba mizigo Mbaraki, siku ipo na siku haipo. Na kila nyumba tunayoiweza ina ua, na kila ua una seredani.

Nilimwendea Bi Mwanaidi siku moja mchana. Sikumgombeza, lakini pia sikumbembeleza.

"Bi Mwanaidi, mtoto hapumui."

"Najua. Namsikia kupitia ukuta."

"Hamisha jiko."

"Niliweke wapi? Mbele kuna mtaro na pikipiki. Ndani nitakufa mie. Nikizima, sili. Wewe wa mikutano, wambie wenzio wa mikutano wakupe jibu."

Na huyu ndiye aliyenishika mkono siku nilipojifungua, ndiye aliyemkimbiza Nasra hospitali akiwa na unga hadi kwenye viwiko, mimi nikiwa kazini nauliza watu juu ya hewa safi. Utamchukia vipi? Nilijaribu. Nilipata hasira nyingi na sikupata pa kuziweka.

Mkutano wa mwisho wa makaa ulikuwa mbele ya kamati yenye kuipitisha rasimu. Wiki hiyo Nasra alikuwa amelazwa na ametoka jana yake. Rasimu ilikuwa ile ile: makaa marufuku, na mwenye nyumba hakutajwa popote. Injinia Yusufali alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake. Nikazunguka na kipaza sauti kama kawaida. Akasimama bwana mmoja aliyevaa vizuri, akasema tatizo ni kwamba akina mama hawajaelimishwa juu ya madhara ya moshi.

Hawajaelimishwa.

Nikachukua kipaza sauti mkononi mwake alipomaliza, kwa adabu, nikamshukuru. Nikatembea mpaka meza ya mbele alipokaa Bwana Katana, nikakiweka mbele yake.

Akanitazama. "Siku imefika?"

"Imefika."

"Foleni ile pale."

Nikasimama nyuma ya muuza makaa mmoja mwenye tumbo. Punde nikahisi harufu ya bizari nyuma yangu, nikageuka. Bi Mwanaidi, kwenye buibui lake la kutokea, saa ile ile ya kumenya viazi.

"Wewe si wa kazi?" akaniuliza.

"Nilikuwa."

Zamu yangu ilipofika, Bwana Katana mwenyewe ndiye aliyenipa kipaza sauti. Nilisema hivi, na sikusema zaidi: "Mtoto wangu ametoka hospitali jana kwa sababu ya moshi wa makaa. Nataka makaa yaondoke kuliko yeyote kwenye ukumbi huu. Lakini rasimu yenu haiondoi makaa. Inamwondoa mpishi. Tunaishi vyumba sita kwa mita moja, na mwenye mita ametukataza gesi na umeme. Mmemkataza mpangaji kitu cha tatu, na mwenye nyumba hamjamwambia kitu. Mtoto wangu hawezi kupumua ahadi mlizotoa nje. Msituelimishe. Mlazimisheni mwenye nyumba."

Nikampa Bi Mwanaidi. Akakishika kama mwiko.

"Naitwa Mwanaidi. Mimi ndiye moshi uliotajwa hapo."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Aliyosema ni kweli yote. Huyo mtoto namjua, nimemlea. Usiku akikohoa nami silali. Mie nipeni pahali pa kuweka mtungi na mita kwa jina langu, seredani nitaizima mwenyewe, wala sitaki shukrani. Msiponipa, njooni mniite mhalifu. Nipo Feri, nauza viazi."

Kamati ikairudisha rasimu ikaandikwe upya. Injinia aliniambia kifungu cha mita kimerudi ndani. Kama kitabaki, sijui. Mtajua nyinyi mnaoendelea na kazi. Mimi sikukishika kipaza sauti tena. Bwana Katana alitaka nirudi, nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, akasema siku nyingine atawafundisha watu vibaya zaidi.

Ila mimi na Bi Mwanaidi hatukungoja kifungu. Mwenye nyumba wetu huja mwisho wa mwezi. Safari hii tulimkaribisha uani, tukamwekea kiti upande ule unakoelekea moshi, Bi Mwanaidi akamwekea sahani ya viazi vya moto na ukwaju, na mimi nikamkalisha Nasra kwenye mkeka mbele yake. Tukazungumza habari za nyumbani, za kazini, za wazee na za safari. Hatukumkata kwenye salamu. Alipofika sahani ya pili alikuwa anajifuta macho na kukohoa sambamba na mtoto.

"Hivi ndivyo kila siku?" akauliza.

"Leo upepo ni mzuri," nikamwambia.

Akakubali mtungi, kwenye kona ya ukuta wa mawe, mbali na mlango wa mbao. Mita bado, anasema anafikiria. Kisha akatugeukia kama aliyeonewa.

"Jambo lenyewe ndilo hili tu? Mbona siku zote hamkunambia?"

"Tumekuita ukumbini mara ngapi?" Bi Mwanaidi akasema. "Hukuja hata mara moja."

"Hamkusema kuna viazi."

Seredani sasa inatoka siku za harusi tu, kwa kupalia. Nasra bado ana kifua, kifua hakiondoki kwa mtungi mmoja. Lakini alfajiri nalifungua dirisha.